Sultani Aliyekula Majani

Hapo zamani, mbuzi walipokuwa wakijitembelea bila ya kamba shingoni, palikuwa na Sultani Chui aliyetangaza kwamba ametubu, hali nyama tena, chakula chake ni majani. Wanyama wakastaajabu, maana kitambi chake hakikupungua hata kidogo. Basi akapiga mbiu: kila ukoo wa mbuzi umletee mwana mmoja alelewe jumbani kama mtoto wa nyumba, iwe ishara ya kuaminiana, na atakayesema kuwa chui hula nyama, auawe kwa kumvunjia Sultani heshima. Na mbuzi hao, masikini, wakapiga makofi!

Zamu ya kwanza ikamwangukia Chakupewa, beberu mzee wa pembe moja, fukara wa kuokota maganda, ambaye mji mzima ulimwita juha. Hakuwa na kitu duniani ila mjukuu wake Tunu, aliyeachiwa na marehemu bintiye. Jina la Tunu lilipotajwa, akalia mbele za watu bila haya. Kisha akapangusa ndevu, akaenda naye barazani.

"Maulana," akasema, "amana yako hii. Lakini sisi mbuzi tuna desturi: awekaye amana naye huwekewa. Nipe mwanao nimlee kama mtoto wa nyumba yangu, walimwengu waone kwamba tumeaminiana pande zote."

Sultani akameza mate. Wajumbe wa nchi jirani walikuwapo; angekataa, angeumbuka.

"Mchukue. Na ole wako apungue hata unywele."

"Kama atakavyopungua Tunu, Bwana, ndivyo naye atakavyopungua."

Ikawa siku tatu Tunu yumo jumbani salama, maana Malkia, kwa kumhofia mwanawe, hakumpa mumewe nafasi hata ya kumnusa. Siku ya nne asubuhi Malkia akaenda kwa Chakupewa. Akamkuta mwanawe amejinyoosha sakafuni, hoi, na mbele yake tita la majani mabichi.

"Ala! Mwanangu ana nini?"

"Hataki kula, Bibi. Namchumia majani teketeke, yale yale ayapendayo baba yake, naye anayatema."

"Mpumbavu mkubwa wee! Tangu lini mtoto wa chui akashiba majani? Chui hula nyama!"

Sauti ile ilifika mpaka sokoni. Chakupewa akapiga magoti, akasema, "Bibi yangu, laiti ungelisema polepole. Neno hilo adhabu yake ni kifo."

Basi shauri likapelekwa barazani. Sultani akamtazama mkewe, akawatazama wajumbe waliokuwa wakijiziba midomo. Mwishowe akacheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Sheria ikafutwa, Tunu akarudishwa kwa babu yake, na mtoto wa chui akapewa nyama, wala hapana aliyeuliza imetoka wapi.

"Umenishinda, ewe juha," akasema Sultani. "Omba utakacho, hata nusu ya hazina."

"Mimi, Maulana, sina pa kuiweka. Nipe ruhusa moja tu: mbuzi akikuona, akimbie, wala asihesabiwe kuwa amekuvunjia heshima."

"Umepewa."

"Ahsante, Bwana," akasema Chakupewa, akamsukuma Tunu mbele, wakaanza kuitumia ruhusa yao pale pale mlangoni. Na mpaka hivi leo hakuna mbuzi aliyeambiwa kwamba imekwisha muda wake.