Tangi la Pili

Kaeni vizuri, maana hii hadithi sitaimaliza mimi.

Katika kiwanda kidogo cha maziwa, huko milimani Lushoto, walikuwepo watu watatu. Semboja, mpokea maziwa, alikuwa na pua: akifunua kopo tu, anakwambia ng'ombe kakamuliwa leo au jana. Nasra wa stoo alikuwa na daftari, na hakipiti kitu asikiandike. Kiluwa, mlinzi, kipaji chake kilikuwa kile kinachowaponza wengi: hajui kudanganya.

Meneja wao, Bi Mwantumu, alikuwa amechoka hadi basi. Kila Jumatatu maziwa yalikutwa yameganda, na shule zilizoyanunua zilishasema yakiganda tena zinahama. Kila kikao aliuliza kwa nini, akaletewa jina la mtu. Wafugaji. Dereva. Fundi wa friji, ambaye alishamfukuza, na maziwa yakaendelea kuganda.

"Nimeuliza kwa nini, sikuuliza nani," alisema. "Atakayeniletea chanzo, usimamizi wa zamu ni wake."

Semboja akanusa maziwa Jumamosi, akanusa tena Jumatatu. Akasema yaliingia mazima, yameharibikia humu humu. Wafugaji wakapona.

Nasra akafungua daftari. Wiki sita nzima yaliganda maziwa ya tangi moja tu, la pili, lililo karibu na kibanda cha mlinzi, tena Jumatatu tu. Friji mbovu haichagui siku, akasema.

Kiluwa, ambaye hakuulizwa na mtu, akanyoosha mkono. Soketi ya pale kibandani ni moja, akaeleza. Jumapili jioni huchomoa plagi ya friji ya tangi hilo apige pasi sare, yake na za wenzake, kisha husahau kuirudisha mpaka alfajiri.

"Kwa nini Jumapili?" akauliza Bi Mwantumu.

"Jumatatu unakagua sare, mama. Mwenye mkunjo anarudishwa nyumbani. Ni amri yako."

Bi Mwantumu akakaa. Alikuwa na hasira tele na hakujua ampelekee nani.

Semboja akadai kwamba bila pua yake wangekuwa bado wanagombana na wafugaji. Nasra akadai kwamba bila daftari wangenunua friji mpya. Kiluwa hakudai kitu. Aliuliza tu kama kazi bado anayo.

Haya, mnaoguna huko nyuma: cheo ni kimoja. Apewe aliyenusa, aliyeandika, au aliyeharibu akasema kweli? Na fundi yuko nyumbani kwake, hajaambiwa lolote. Ungekuwa wewe Bi Mwantumu, ungeanzia wapi?