Mama Pimbi Anunua Boti ya Mchanga

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na ziwa?

Tulichota maji.

Palikuwa na majabali?

Tulianika nguo.

Na Kiboko je?

Huyo tulimpisha.

Basi leo hatumpishi. Aliye na mtoto ampakate, nianze.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana boti zilishakuwa na mashine, Mama Pimbi aliishi kwenye majabali ya kando ya ziwa pamoja na binti yake Nyamizi. Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia, na hushinda juu ya jiwe kama anayesubiri mgeni.

Chini ya majabali palikuwa na mwalo, pale boti zinapofungwa. Mwenye mwalo alikuwa Kiboko. Nani alimpa? Alijipa mwenyewe. Alikaa pale mpaka wenzake wakachoka kumzunguka. Boti, alisema ni zake. Mchanga, alisema ni wake. Hata jiwe la kukalia alisema ni lake, na ukilikalia unalipa chakula.

Watoto wa ziwani walikuwa na mchezo walioupenda kuliko kula. Mtoto anasimama juu ya ubao, anashika kamba, boti inamvuta, naye anateleza, swaaa, mpaka kwenye wimbi la boti, halafu analiruka. Lakini Kiboko alitoza kapu zima la chakula kwa mzunguko mmoja. Tena akichoka katikati ya ziwa alizima mashine, mtoto akaogelea kurudi kwao.

Nyamizi hakuwahi kuteleza hata siku moja. Alikuwa na kipande cha ubao juu ya jabali. Kila asubuhi alisimama hapo, magoti ameyakunja, mikono ameinyoosha mbele, akivutwa na boti isiyokuwepo. Mama yake alimwona. Alijifanya anapepeta karanga, lakini alimwona.

Ikafika siku akazipepeta karanga zote, akazijaza kwenye gunia. Zilikuwa za msimu mzima, chakula chao cha kiangazi. Akaliburuta gunia, burrr, burrr, mpaka mwaloni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Hilo gunia lina nini?"

"Karanga. Nataka kununua boti."

Kiboko akacheka, ho-ho-ho, maji yakayumba. "Wewe? Ukikaa kwenye usukani nani atakuona? Haya, chagua."

Mama Pimbi akaenda kwenye boti ya kwanza. Ilikuwa nyekundu, inang'aa. Akagonga ubavu, bwe-bwe-bwe. Mbao zilikuwa zimeoza chini ya rangi.

"Asante, mzee. Hii ni nzuri mno kwangu."

Akaenda kwenye boti ya pili. Ilikuwa na mito na kivuli cha turubai. Akagonga ubavu, ko-ko-ko. Akawasha mashine, kho-kho-kho, ikazimika.

"Asante, mzee. Hii inaumwa, iache ipumzike."

Akaenda kwenye boti ya tatu. Ilikuwa pana, nyeusi, ina viraka, nayo kazi yake ilikuwa kubeba mchanga. Akagonga ubavu, ko-ko-ko. Akawasha mashine, tu-tu-tu-tu, ikaunguruma kama imeamka na njaa.

Palikuwa na jambo jingine ambalo Mama Pimbi hakulisema. Alikuwa akifua nguo na kuzianika kwenye majabali. Boti hii ikipita imejaa mchanga, wimbi lake lilipanda mpaka juu na kulowesha nguo upya. Ikirudi tupu, hata soksi haikulowa. Alikuwa amelinunia wimbi lile miaka mingi. Kiboko hakujua habari hiyo. Anayeshinda ndani ya maji, wimbi litamlowesha nini?

"Nataka hii," akasema.

Kiboko alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Bibi wee, hili ni karai. Sasa sikiliza. Nipe gunia. Binti yako aruke wimbi la boti hii, aruke kweli, mpaka nione ziwa chini ya ubao. Akiweza kabla jua halijafika utosini, boti ni yako na watoto wote watateleza bila kunilipa. Akishindwa, boti yangu na karanga zangu. Hutaki, rudi na gunia lako."

Mama Pimbi akalitazama gunia. Kiangazi cha kule kilikuwa kirefu, na majani hukauka mpaka yakavunjika mkononi. Akatazama juu ya jabali. Nyamizi alikuwa pale kwenye ubao wake, magoti ameyakunja.

"Nimekubali," akasema.

Jirani yao Fisimaji akaja mbio bila kuitwa. "Shemeji, nimesikia kicheko cha huyu, nikajua kuna mtu anaonewa." Alileta kamba. Alileta ubao alioupiga randa mwenyewe, ukiwa na vipande vya tyubu ya baiskeli vya kushikia miguu. Alileta na vibuyu vikavu vya kumfunga mtoto kifuani asizame. Mama Pimbi akaona kwamba uzi wa vile vibuyu umezungushiwa kitambaa laini, usimchubue mtoto.

Fisimaji akashika usukani. Mama Pimbi akafunga kamba nyuma ya boti. Tu-tu-tu-tu. Kamba ikamvuta Nyamizi kwa chini, pua ikatangulia majini. Chubwi.

Kiboko akapiga makofi. "Anachimba kisima?"

"Kamba iko chini mno," Mama Pimbi akasema. Akapandisha fundo juu ya nguzo iliyokuwa katikati ya boti. Tu-tu-tu-tu. Safari hii Nyamizi akasimama. Alisimama vizuri, ila la kuruka halikuwepo. Boti tupu ilipita juu juu kama jani, na nyuma yake maji yalikunjamana kidogo tu, kama shuka. Nyamizi akajirusha hivyo hivyo. Chubwi.

"Hata bata akipita anaacha wimbi kubwa kuliko hilo," Kiboko akasema. "Wimbi ni mbio, bibi. Mimi boti zangu zina mbio." Naye alikuwa ameanza kulegeza kamba ya gunia.

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Walikuwa wamerudi mwaloni, naye Nyamizi amekaa ukingoni mwa boti akitetemeka, vibuyu kifuani. "Mama," akasema polepole, "turudi tu. Nitateleza kule kwenye jabali."

Fisimaji akamnong'oneza Mama Pimbi, "Inataka uzito. Tuweke mawe."

"Mawe yana mwenyewe," Mama Pimbi akanong'ona. Akamfuta mtoto uso kwa pindo la kanga, akafikiri. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Shemeji, boti hii ni nzito. Toa hilo pipa. Toa makasia. Vua hata viatu."

"Sina viatu, shemeji."

"Vua hivyo hivyo. Ukiongezeka uzito hata wa kuku, tena hapa nyuma, tumekwisha. Namwomba Mungu yule mzee asijue."

Masikio ya Kiboko yakacheza, tik, tik.

"Nimechoka kusimama," akasema. "Napanda. Boti bado ni yangu."

"Karibu, mzee, lakini kaa mbele."

"Nakaa nyuma."

"Basi gunia liache nchi kavu."

"Nakuja nalo. Na mawe yangu nakuja nayo, nisiyakute yameibwa."

Akabeba gunia, puh. Akabeba jiwe, puh. Akarudi akabeba jingine, puh, jasho linamtiririka, halafu akakaa juu ya vyote. Nyuma ya boti ikazama karibu na ukingo. Mama Pimbi akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Kiboko alidhani analia, akafurahi.

Tu-tu-tu-tu. Mashine iliyozoea mchanga ikajua kazi yake. Boti ikainua pua, ikakata maji, na nyuma yake likainuka wimbi kama mgongo wa nyati. Nyamizi akasimama. Akakunja magoti, kama kule kwenye jabali. Akalielekea wimbi, swaaa, likampandisha, likampandisha, likamwachia.

Na ubao ukawa hewani, na ziwa likaonekana chini yake, na ndege wote wa ziwani wakaruka kwa mshangao. Kiboko, aliyekaa nyuma akitazama nyuma, ndiye aliyeona vizuri kuliko wote.

Walipofika mwaloni jua lilikuwa bado halijafika utosini.

"Mzee, umeona ziwa chini ya ubao?" Mama Pimbi akauliza.

Kiboko akageuka kulitazama ziwa. "Nimeona," akasema. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Lile wimbi lilikuwa langu?"

"Lote lilikuwa lako, mzee wangu. Hakuna mwingine angeweza kulitoa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukifurahia kitu chake Kiboko. Akajisogeza vizuri juu ya mawe. "Basi tuzunguke tena."

"Nyuma kuna nafasi," Mama Pimbi akasema. "Ila boti ina mwenyewe sasa. Nauli ni kapu moja la karanga."

Kiboko akafungua gunia, akapima.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Watoto wa majabalini wakaruka, wa mateteni wakaruka, naye nyuma akipiga kelele, "Mmeliona wimbi langu?" Kiangazi kilipoanza, gunia zima lilikuwa limesharudi nyumbani kwa Mama Pimbi, kapu kwa kapu, na nusu yake akampelekea Fisimaji.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba mdogo asijaribu kumdanganya mkubwa, kwa kuwa haiwezekani kabisa. Na siku mkinunua boti, chagueni nyekundu inayong'aa. Mkiona nacheka, ni usingizi tu.

Hadithi yangu imefika mwaloni, fungeni kamba. Aliyelowa ajianike, aliye mkavu akalale.