Kwa Nini Mto Strumna Unauzunguka Mji wa Wiklino

Kaeni vizuri, na wewe mwenye mbwa mfunge, niwaeleze. Zamani sana, Mto Strumna hapa kwetu Poland ulipita umenyooka kama fimbo. Mji wetu wa Wiklino ulikuwa upande wa mashariki, na watawala waliupokezana kama watoto wenye mpira.

Kisha akaja mtawala Sulimir, mtu wa majivuno. Alipatana na mtawala wa magharibi kwamba mto ndio mpaka. Akaingia kanisani, akaweka mkono madhabahuni, akaapa mbele ya watu wote: "Mashariki ya maji ni kwangu, magharibi si kwangu, popote maji yapitapo." Siku ileile akaamuru Wiklino ibomolewe, ajenge ngome. Barafu iliyofunika mto majira ya baridi ikipasuka tu, kila mtu awe ameshaondoka. Watu walilia sana. Waende wapi?

Bogna, mjane aliyesuka matenga ya kabichi, hakulia. Alikasirika.

"Si ameapa kwa maji?" aliwaambia jirani zake. "Basi jamani, tuyahamishe maji!"

"Yatapita wapi, mama?"

"Bondeni, nyuma ya mji. Kwenye shamba langu."

Walimshukuru, maana walijua hana shamba lingine. Halafu wakashika kazi. Walikata fito za mierebi, ile miti ya kandokando ya mto, wakasuka matenga makubwa, wakayajaza mawe na kuyapanga juu ya barafu, pale mto unapoufikia mji. Askari wa Sulimir waliwacheka, wakidhani wanafungasha vyombo.

Barafu ilipopasuka, matenga yalizama palepale yakaziba njia. Maji yakafura, yakageuka kwa kishindo, yakalimeza shamba la Bogna na kuzunguka nyuma ya mji. Sulimir alipofika na wabomoaji wake, aliukuta mto umemtenga na Wiklino, mji sasa uko magharibi ya maji. Alitukana weee, lakini kiapo ni kiapo, na waliokisikia walikuwa ng'ambo wanamtazama. Akageuza farasi. Furaha iliyoje! Kengele ya kanisa ilipigwa mpaka kamba ikakatika, na kila nyumba ikamkatia Bogna kipande cha shamba kufidia lile lililozama.

Na tangu siku hiyo, Strumna hupinda kuuzunguka mji wetu, na kila mwaka, barafu ikiwa bado ngumu, kila nyumba hupeleka tenga la mawe mtoni. Bendera zimebadilika mara nyingi. Watawala tumewapokea na tumewasindikiza, lakini hakuna aliyethubutu tena kutuambia tuhame.