Kanga ya Somoe Mlingotini

"Bendera ya njano haizamishi meli." Mzee Chande, jirani wa Bi Mwanahawa, hudai methali hii ilitokana na nahodha mmoja aliyeishiwa kitambaa cheupe, akatweka cha njano, watu wakamcheka kwamba chombo kitazama. Wajukuu walipomletea Bi Mwanahawa habari hiyo barazani, alicheka mpaka machozi.

"Chande huyo! Hata mtumbwi hajapanda. Kaeni. Nahodha hakuishiwa kitambaa. Alikuwa na bendera ya njano yenyewe, akaificha. Hapo ndipo neno hili lilipozaliwa."

Zamani hizo, akasimulia, meli ya moshi ikitoka Unguja kuja Lindi, mji mzima ulishuka gatini: wauza visheti, wapiga ngoma, watoto waliokogeshwa wakapakwa mafuta ya nazi. Siku zinukiazo hivyo haziji tena. Lakini meli yenye maradhi ilipaswa kutweka bendera ya njano kabla ya kuingia bandarini, daktari aifuate kwa mashua, mtu asishuke.

Safari moja Somoe alikuwa akirudi kwa bintiye mdogo, aliyemwacha kwa mama yake. Mumewe, Mfaume, mchochea makaa wa meli hiyo, alishikwa na homa njiani. Mji ulipoanza kuonekana, vipele vya ndui vilikuwa vimemjaa usoni.

Nahodha akamtupia Somoe shuka. "Mfunike, ashuke kwa miguu yake. Nikitweka njano tutatupwa kisiwa cha karantini, shehena ituozee."

"Nahodha, mwanangu yuko gatini. Atamrukia baba yake shingoni."

"Mwambie asimrukie."

"Mtoto asiyejua hata kujifunga nguo? Mwambie wewe!"

Nahodha akaenda zake. Somoe alijua kisiwani hakuna kitanda wala uji wa mama. Mgonjwa akipelekwa huko, kurudi ni majaaliwa. Akamtazama mumewe.

"Usinifikishe kwa mtoto," Mfaume akanong'ona.

Somoe alikuwa amevaa doti mpya ya njano, ya kufikia nyumbani. Akavua kanga ya juu, akamwendea sarahangi, mkuu wa mabaharia.

"Kaka, kamba ya bendera ni ipi?"

"Mimi sijui kitu," sarahangi akajibu, akageukia baharini. Lakini kiganja chake kiliipigapiga kamba moja.

Kanga ikapanda. Gatini ngoma zikanyamaza.

"Umetuzamisha, mwanamke!" nahodha akafoka.

Wote walipelekwa kisiwani, na Mfaume akazikwa huko huko. Mjini hakuugua hata mtu mmoja. Meli nayo ikafukizwa dawa, ikaendelea kuja miaka na miaka, na kila ilipofunga gati wachukuzi walimtania nahodha: "Mzee, bado inaelea?"

Bi Mwanahawa akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa mgongoni kwa bibi yangu, nanukia nazi, nalia kwa nini meli haisogei. Basi, wajukuu zangu, bendera ya njano haizamishi meli."

Zuhura, mdogo wao, akamsogelea.

"Bibi, hebu tuambie, baba yako alikuwa na sura gani?"