Sadaka ya Kisima cha Bi Mahasini

Hivi wewe, mtu akitoa sadaka kisima chako mwenyewe, utaitikia amina?

Inasimuliwa kwamba hapo zamani huko Marekani, katika nyanda ambazo wenyeji wake walifukuzwa bila kuulizwa, serikali iligawa mashamba kwa wageni, na wilaya mpya ikaanza. Miongoni mwa wageni hao walikuwamo Waislamu wachache waliotoka Sham. Miti haikuwapo, mawe hayakuwapo. Hata nyumba walijenga kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, na mpaka wa shamba na shamba ulikuwa tuta tu.

Mjane mmoja, Bi Mahasini, alichimba kisima karibu na tuta lake, Mola akamruzuku maji matamu. Jirani yake, Shekhe Jadani, ndiye aliyekuwa akiwaswalisha. Tasbihi yake ilikuwa ndefu, na alipenda ionekane. Theluji ilipoyeyuka, tuta lilikutwa upande wa pili wa kisima, na kisima kikawa shambani mwa Jadani. Watu wakasema, maskini mjane alikosea mpaka. Nani angemshuku mtu kwa kuonekana na jembe, mahali ambapo kila mtu anachimba udongo?

Asiye na maji hawezi kukaa, na asiyekaa, sheria ilimnyang'anya shamba. "Subiri, mama," walimwambia, kama wasemavyo siku zote wenye maji. Naye akasubiri, akichota mtoni, mbali.

Kisha Shekhe Jadani akatangaza: "Pale kisimani napatoa wakfu. Tujenge msikiti wa kwanza wa wilaya hii."

"Mashallah!" akasema Taufiki, mjenzi wao. "Na mwaka jana ulininyima hata toroli!"

Wakacheka, wakajenga.

Desturi ya kwao ilikuwa kwamba kabla ya swala ya kwanza, mtoa wakfu husimama mbele ya jamaa na kutamka: "Ardhi hii ni halali yangu, nimempa Mola wangu." Ijumaa ilipofika, Shekhe Jadani akasimama, kilemba kipya kichwani. Bi Mahasini akanena kutoka safu ya wanawake, kwa upole:

"Shekhe, tamka tu. Ukishatamka, nafunga virago vyangu, na sitakudai duniani wala akhera."

"Ardhi hii..." alianza Jadani. Akakohoa. "Ardhi hii ni..."

"Malizia, shekhe," akasema Taufiki. "Adhuhuri haitungoji."

Ndugu zangu, kuwadanganya majirani si kazi, wao hawakuwapo. Kazi ni kumdanganya Aliyekuwapo, tena ndani ya nyumba uliyomjengea kwa mali ya mjane.

Jadani alivua kile kilemba, akageuka kuielekea safu ya wanawake.

"Si yangu," alisema. "Tuta nililihamisha mimi, Bi Mahasini, kwa mikono yangu hii. Kisima ni chako."