Mbuzi wa Kijani na Kanda ya Bi Mwantumu

Nina kesi iliyokosa hakimu. Semeni, "Ilete." Mmesema? Haya, naileta. Ila tuelewane mapema: atakayelia alie kimya, na atakayetoa hukumu kabla sijamaliza atatoka nje. Mimi sipendi kukatizwa.

Korogwe palikuwa na watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Wa kwanza ni Hoza. Huyu alijaliwa kupata. Spea ya pikipiki iliyoacha kutengenezwa, dawa iliyokwisha madukani, jogoo aliyeibwa juzi: mtume Hoza, atarudi nacho, na usimuulize kakitoa wapi.

Wa pili ni Kilango, muuza mihogo ya kukaanga. Huyu alijaliwa sauti za watu. Akimwiga shemeji yako nyuma ya mlango, utafungua. Siku moja alimwita mwenye nyumba wake kwa sauti ya marehemu mkewe. Mzee akaitika, kisha akakaa chini akalia. Kilango akacheka. Nawaeleza kama alivyo.

Wa tatu ni Shemhilu. Alifanya kazi na mafundi wa barabara waliotoka ng'ambo, akajifunza lugha yao mpaka matusi. Lakini kipaji chake si lugha. Kipaji chake ni kwamba hawezi kuuacha uongo upite. Ukipita mbele yake anaukamata kama mwizi wa kuku. Watu wa namna hiyo nawaheshimu sana, ila msibani siwaaliki.

Wote watatu walikulia kwenye benchi moja, katika kibanda cha video cha Bi Mwantumu. Na mimi nilikalia benchi hilo, kwa hiyo msinibishie. Palikuwa na televisheni ya chogo, deki moja, na kanda ya katuni kutoka nchi ya wale mafundi wa barabara. Lugha yake hakuna aliyeijua. Bi Mwantumu alishika kipaza sauti akatufasiria. Mbuzi mdogo wa kijani, jina lake Ndururu, kapotelewa na mama. Mamba Kinyozi anamfukuza na mkasi anyoe manyoya yake. Ndururu anatandaza masikio kama kanga mbili, anaruka juu ya paa, anasema, "Manyoya yangu, roho yangu!" Nasi benchi zima tunaitikia.

Baadaye Bi Mwantumu akachoka kusema kila Jumamosi. Fundi mmoja akamrekodia sauti yake ndani ya kanda, naye akawa anakaanga vitumbua huku katuni inajisemea. Mwishoni Ndururu anafunikwa na povu, na sauti ya Bi Mwantumu inasema, "Kampata mama yake! Anamwogesha! Mwisho. Haya, na nyie kaogeni, mnanuka!" Hapo mwenyewe aliacha kikaango, hata mafuta yaungue, akakimbilia kuzima. Kila mara. Povu halijafika shingoni, kidole kishafika kwenye kitufe.

Mwanawe, Mbelwa, ndiye aliyekaa mbele kabisa. Alipokua akawa mchora mabango, na kila ukuta aliopewa alimchora Ndururu. Saluni, duka la dawa, hata bucha la mbuzi, na mwenye bucha hakugundua mpaka wateja walipomcheka. Kisha presha ya macho ikamla macho yote mawili. Mbelwa akalala akageukia ukuta. Hali, haogi, hasemi. Mama yake naye alishaingiwa na mtoto wa jicho, haoni hata kuku mlangoni. Kila asubuhi alimpapasa mbavu akajua zimezidi kutokeza.

Bi Mwantumu akatoka uani, kanda mkononi, akaapa mbele ya majirani: "Atakayemwinua mwanangu kitandani, hii ni yake. Sina kingine."

Na ilikuwa moja tu duniani. Utoto wa mtaa mzima ulikuwa ndani ya kile kiplastiki cheusi.

Wakajaribu masheikh, wakajaribu wachungaji, akajaribu mjomba mtu na fimbo. Mbelwa na ukuta wake. Mpaka siku redio ya jirani iliposema kwamba ile katuni ya mbuzi wa kijani imetengenezwa upya kuwa filamu, na watu halisi na wanyama wanaoonekana kama wa kweli. Mbelwa akageuza shingo.

"Wamemfanya nini Ndururu wangu?"

Hoza alisikia, akaondoka. Filamu haikuwa Korogwe, haikuwa Tanga. Akaingia Dar es Salaam, akazunguka kwa wanaochoma nakala za filamu, anakutana na feki juu ya feki. Akiwa huko akapigiwa simu: baba yako anakata roho, rudi. Hoza akasema, "Nikirudi mikono mitupu, Mbelwa naye atakufa." Akabaki, akaipata. Alipofika nyumbani na flashi mfukoni, baba yake alishafukiwa, majembe yanaoshwa. Akaitoa flashi akasema, "Chukueni. Isije ikawa bure."

Kilango naye akashika kazi yake. Walimtoa Mbelwa na kitanda chake mpaka uani, wakatundika shuka nyeupe, majirani wakajaa. Filamu ikaanza. Jamani. Mimi nilikuwepo, sina haja ya kumpamba mtu. Mbuzi alikuwa wa kahawia, ana meno ya binadamu na macho ya mgonjwa. Masikio hayatandazwi, anarukia mtambo uliofungwa mgongoni, unatoa moshi. Mamba ni jitu limevaa suti. Na giza! Ungedhani wamepiga picha ndani ya sufuria iliyofunikwa.

"Rangi gani?" Mbelwa akauliza. "Niambieni rangi."

Kilango akakohoa, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya Bi Mwantumu ya ujanani: "Kijani, mwanangu! Kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa! Huyooo, katandaza masikio!"

Bi Mwantumu kwenye mkeka akashika kifua, akacheka kama msichana. Mbelwa akainua mkono: "Manyoya yangu..." Uani wote tukaitikia, watu wazima na ndevu zetu. Tunatazama uchafu, tunasikia utoto. Mbelwa akaomba uji, akanywa bakuli akaramba. Ila hakuinuka. Alijilaza na tabasamu, akasema, "Sasa hata nikifa hapa hapa, sawa." Hilo msilisahau mtakapohukumu.

Filamu ikafika mwisho. Povu likamfunika yule mbuzi. Kilango akasema, "Kampata mama yake! Anamwogesha!" Na kwenye shuka, sisi wenye macho tukaona: jitu la suti limeshika wembe, likamaliza kunyoa, likaweka wembe chini, likachukua kisu.

Kilango akaendelea, "Mwisho! Haya, na nyie kaogeni..."

"Uongo," akasema Shemhilu.

"Kaka Shemhilu, nyamaza," Kilango akanong'ona kwa sauti yake mwenyewe.

"Sinyamazi. Mtu kapofuka macho, mnataka kumpofusha na akili? Mbelwa, sikiliza. Mbuzi anachinjwa. Na usiwalaumu waliotengeneza filamu, hawakubadilisha kitu. Lugha yao naijua. Mbuzi ndiye mwizi. Kameza yai la mamba, mamba anamtafuta mwanawe. Hata jina si Ndururu. Ndivyo ilivyokuwa tangu ile katuni. Mama yako hakujua neno hata moja. Alikuwa anajitungia."

"Mshenzi wewe!" akapiga kelele Hoza. "Nimemkosa baba yangu kwa ajili ya hili?"

Mbelwa akamnyamazisha kwa kiganja. "Mama. Ndiyo maana ulikuwa unaacha vitumbua vinaungua?"

Bi Mwantumu akageukia ilikotoka sauti yake. "Mlikuwa watoto, baba. Mmekaa pale, midomo wazi. Ningewaambia anachinjwa?"

"Ungezima televisheni ukatuambia nendeni nyumbani."

"Wewe ndiye uliyekuwa unalia irudiwe."

"Nimeujaza mji mzima uongo wako," akasema Mbelwa. "Kwa mikono yangu. Na macho yangu yameishia hapo."

Akatupa shuka aliyojifunika. Akainuka. Akagonga kizingiti, akaanguka, akainuka tena, hataki kushikwa. Akaingia stoo alikoweka rangi, akatoka na ndoo ya chokaa na brashi. Akaenda ukuta kwa ukuta akipapasa, maana rangi ya mafuta huacha kingo na vidole vyake vilizijua, na kila alipomgusa Ndururu alimpaka chokaa. Mama yake akamfuata kwa kusikiliza ndoo, anaita, "Mbelwa! Mbelwa, mwanangu!" Hakugeuka. Pale bucha, mbele ya mbuzi wa mwisho, Bi Mwantumu akamshika shati. Mbelwa akamtoa vidole kimoja kimoja na kusema, "Nifasirie basi. Hapa kunatokea nini?"

Tangu siku hiyo Bi Mwantumu hajasema neno. Si kwamba anaumwa koo. Hasemi.

Mbelwa leo ni mzima. Anakula ugali wa mtu na nusu, anapaka watu nyumba chokaa, anakwenda na fimbo yake. Anaishi chumba cha pili, na mama yake anamjua kwa nyayo tu.

Lakini kiapo ni kiapo. Bi Mwantumu ameweka kanda juu ya kigoda uani, ameketi kando yake, anangoja aje mwenye haki nayo aichukue. Na wamekuja watatu.

Hoza anasema, "Bila mimi pangekuwa na filamu? Nimeilipia kaburi. Naitaka nikaiweke kwangu, mtu asiiguse tena."

Kilango anasema, "Maiti hainuliwi kwa matusi. Mimi ndiye niliyemtia uji tumboni akapata nguvu ya kukasirika. Nipeni, nitaisikiliza mpaka sauti ya mama isinipotee."

Shemhilu anasema, "Alikuwa amelala anatabasamu, anangoja kufa. Aliinuka niliposema mimi. Mnanichukia, lakini hesabuni. Na sifichi: nikipewa, naifuta ile sauti, naweka maneno ya kweli."

Kuigawa haiwezekani, kanda ukiikata imekufa. Kukivunja kiapo haiwezekani, mwana kainuka. Kumuuliza mama mmeshaona wenyewe. Na Mbelwa alipoulizwa alisema, "Kanda gani?" akaendelea kukoroga chokaa.

Mimi ninayo yangu rohoni, na mkinikasirisha nitaisema. Lakini kigoda kiko pale, na yule mama hageuki, anasikiliza nyayo. Haya, nyie mliotafuna karanga muda wote huu: nani ainame aichukue, mbele yake? Wewe ungemwambia nani, "Chukua"?