Ngiri na Makapu ya Ndiga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vyeo, palikuwa na Ngiri aliyejipa cheo cha Mlinzi wa Mto. Hakuna aliyemchagua. Alijichagua mwenyewe, kisha akajipongeza.

Mwaka huo mvua iligoma. Mahindi yalikauka, kila mama akaingia porini kuchimba ndiga. Ndiga ni kiazi cha mwituni chenye sumu. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kapuni na kulowekwa katika maji yanayokwenda, siku baada ya siku, mpaka sumu iishe. Ndipo huanikwa, hutwangwa, hupikwa ugali.

Ngiri hakuchimba, hakumenya, hakuloweka. Yeye alilinda. Na alilinda vizuri sana: kapu likiwa tayari, hakuna mwizi aliyeligusa ila yeye.

Siku moja alimkuta Somoe, panya buku, kando ya mto. Watoto wake walikuwa nyumbani wakilia njaa. Somoe alikuwa na makapu mawili. Moja lilikuwa juani, juu ya jiwe. Jingine lilikuwa majini, limefungwa kwa kamba kwenye mzizi.

"Shikamoo, mjomba Mlinzi."

"Marahaba. Leo nachukua moja tu. Mimi si mlafi."

"Tunajua, mjomba. Hata tumbo lako linashuhudia."

"Lipi liko tayari?"

Somoe akayatazama makapu yake. La juani ndilo lilikuwa chakula cha wanawe jioni ile. Akakumbuka kwamba Ngiri hajawahi kumwamini mdogo hata mara moja. Basi akaamua kusema kweli.

"La juani, mjomba. Chukua hilo, tafadhali. La majini nimelitia asubuhi hii, lina sumu bado."

Ngiri akacheka, hro, hro, hro. "Unanipa kwa roho safi hivyo? Panya akisema 'tafadhali', ana jambo."

"Haki ya Mungu, la majini litakuumiza."

"Na kiapo juu! Basi hilohilo ndilo tamu."

Akakata kamba kwa meno, akalivuta kapu, chubwi chubwi.

"Angalau ukaliloweke tena nyumbani, mjomba."

"Mlinzi haloweki," akasema Ngiri, akaenda zake.

Kwake alichemsha kidogo, kwa haraka, akala, kacha kacha kacha, mpaka kipande cha mwisho. Koo likamwasha. Dunia ikazunguka. Akakiona kisiki, akakiinamia kwa adabu, "Shikamoo, mama mkwe," kisha akaanguka matopeni, puu!

Jioni ile watoto wa Somoe walikula ugali wa ndiga kwa mlenda, wakalamba vidole. Na kwa muda wote Mlinzi alipokuwa mgonjwa, hakuna kapu lililopotea mtoni. Ulinzi haukuwahi kuwa mzuri namna ile.

Somoe akampelekea uji wa ndiga iliyokwisha sumu.

"Pole, mjomba."

"Umenitega wewe."

"Nilikwambia usichukue la majini."

"Ndiyo, ulisema kweli!" Ngiri akalalamika, uji ukimtiririka kidevuni. "Sasa mimi ningejuaje?"

Wanangu, mdhalimu haamini neno la mnyonge, hata likiwa ndilo la kumwokoa.